Kuandika kumegoma? Anza na fyuzi kabla hujalaumu kichwa

Jumamosi jioni tunakutanaga uani kwa dada mmoja huku Mwanga, Kigoma mjini, watu sita, saba siku ikiwa nzuri, na kila mtu anakuja na chake. Mwenye nyumba ye anafuma kroshia. Kuna jamaa fundi redio anakuja na redio mbovu ya mtu kwenye mfuko, kuna mvuvi ambaye kuvua kwake ni kazi lakini kinachompa raha ni kuchonga vimitumbwi vidogo vya watoto, kuna babu mmoja wa Ujiji anapanda daladala na bao lake kwapani, af kuna mimi. Mi mchana nina kibanda cha miamala na vocha, usiku naandika stori. Hatuna undugu wowote, kilichotukutanisha ni kwamba majumbani kwetu kila mmoja alikuwa anaulizwa "sa hiyo inakuingizia nini?" na pale uani hamna anayeuliza hilo swali.

Sasa mwaka jana nilikwama. Miezi minne, hata ukurasa sina. Nikawa naenda Jumamosi nakunywa chai nakaa tu kama mgeni wa msibani. Siku hiyo fundi akaniuliza vipi mbona husomi kitu siku hizi, nikamwambia kichwa kimeganda. Akasema kimeganda vipi? Nikasema kimeganda tu bana. Akaweka bisibisi chini. Akasema mteja akiniletea redio akaniambia "imekufa" mi siifungui kwanza, namuuliza imekufa taa haiwaki, au taa inawaka sauti haitoki, au sauti inatoka ila inakoroma? Maana hayo ni magonjwa matatu, na la kwanza mara nyingi ni fyuzi tu, au waya umekatikia kwenye plagi, sasa ukianza kubomoa ndani unaua redio nzima kwa kosa la waya.

Toka siku ile nikaanza kuandika dalili zangu kwenye daftari, na za wenzangu pia maana kumbe hata anayefuma anakwama. Ndo nawawekea hapa. Nimepanga kwa gharama, zile dawa za bure zinaanza, kwahiyo usiruke uende za chini kwa sababu zinaonekana za kina zaidi.

(Kwa wanaopenda kujua: kuna daktari wa akili mzaliwa wa Austria, Edmund Bergler, ambaye ndo aliupa huu ugonjwa wa kukwama jina la kitaalam, "writer's block", huko Marekani miaka ya 1940, na ye alikuwa anaamini mzizi uko utotoni, kwenye mambo ya mtoto na mama yake. Inawezekana. Ila mi nafungua kibanda saa moja asubuhi, utotoni sina muda wa kurudi, so tuanze na plagi.)

DALILI: kila kitu kizito, siyo kuandika tu

Hii ndo fyuzi. Jiulize umelala? Umekula? Kuna mtu anakudai? Mi wiki mbili nzima nilijua kipaji kimeisha, nikaanza na kujionea huruma, kumbe nafunga kibanda saa nne usiku, napika, naoga, nakaa kuandika saa sita macho yanafunga yenyewe. Hakuna kipaji pale, kuna usingizi. Nikahamisha kuandika saa kumi na moja alfajiri, wakati adhana na jogoo wa jirani wanashindana, nusu saa tu, ikaanza kutoka. Siyo nzuri, lakini inatoka.

Fyuzi ya pili ni simu. Ukiandikia stori kwenye simu ileile inayoingia meseji za wateja na grupu la ukoo na grupu la kanisa au msikiti, hujakwama, unakatizwa. Nunua kaunta buku kwaya mbili na kalamu, basi. Na usiniambie vifaa havitoshi. Yule Livingstone tunayemsikia kila siku hapa Ujiji, kabla Stanley hajamkuta chini ya mwembe mwaka 1871, alikuwa Nyangwe huko Kongo, karatasi zimemwishia, wino umemwishia, akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, anapita katikati ya maandishi ya watu, kwa wino wa mmea wa hukohuko. Mzungu mgonjwa, anaandika. Mi nina kalamu mpya nasema mazingira hayaruhusu.

Kama umelala, umekula, simu iko chumba kingine na bado haiendi, endelea chini.

DALILI: ukurasa mweupe, sentensi ya kwanza haiji

Unajua stori inahusu nini, unaweza hata kumsimulia mtu, ila ukikaa uanze unaandika neno "Siku" halafu unalitazama.

Hii nilitibiwa na babu wa bao. Nilimwamkia, nikamwambia babu mi mwanzo ndo unanishinda, nikishapata mwanzo huwa natembea. Hakunijibu. Akaweka bao katikati ya mkeka akaanza kupanga kete, polepole, kete sita kwenye lile shimo linaloitwa nyumba, mbili shimo la pembeni yake, mbili linalofuata, basi. Zilizobaki ishirini na mbili akazishika mkononi. Akanipangia na mimi hivyohivyo upande wangu. Akasema, "Mjukuu, hesabu mashimo." Nikahesabu 32, kete zote 64, na nyingi ziko mikononi mwetu siyo ubaoni. Akasema unaona hapo? Bao haliwekwi lote uwanjani ndo uanze. Unaingiza moja. Mwenzio moja. Unaingiza moja. Hiyo ndo namua. Mpaka za mkononi ziishe ndo mnaingia mtaji, hapo sasa unatembeza za ubaoni. Af wewe unataka kuanza na mtaji, kete huna.

Nikamuuliza na kama naingiza kete na hamna cha kula? Akacheka, akasema basi unatakata. Unatembeza zako hukohuko kwako, hauli mtu, ila unacheza. Huwezi kumwambia mwenzio subiri mpaka nione la kula.

Nilivyorudi nyumbani nikaandika namba 1 mpaka 22 kwenye kaunta buku, kushuka chini. Kila namba kitu kimoja tu kuhusu stori, hakuna mpangilio, hakuna sentensi nzuri. Stori ilikuwa ya kijana anayeuza maji pale stesheni ya reli. Namba 1: ana kandambili za rangi mbili, kushoto bluu kulia kijani. 2: hapendi treni likichelewa, maji yanapoteza ubaridi. 3: anajua kuhesabu mabehewa kwa kusikia tu. Kutakata tupu, hamna kinachokula. 4, 5, 6 hovyo kabisa, kuna moja nimeandika "ana shingo". Namba 9 nikaandika: hajalipa kodi ya chumba toka mwezi wa tatu na mwenye nyumba anashuka na treni ya leo. Hapo ikala! Hiyo ndo ikawa sentensi ya kwanza, na zile kandambili zikaingia ukurasa wa pili zenyewe.

Kwahiyo dawa ni hiyo, kete 22, moja moja, unaruhusiwa kutakata. Mara nyingi sifiki 22. Nikifika 22 na hamna iliyokula, basi tatizo siyo mwanzo, stori yenyewe haina mgogoro, hamna anayetaka kitu na anakikosa. Hiyo haiponi kwa sentensi, tafuta stori nyingine au mtafutie huyo mtu shida.

DALILI: unaandika, unafuta, unaandika, unafuta

Saa nzima, mistari mitatu, na ni ileile. Hii ina sababu kama tatu na zinafanana kwa nje. Moja, unaandika na kusahihisha kwa wakati mmoja. Mbili, umetoka kusoma kitu cha mtu anayejua sana na kila sentensi yako unaipima na yake. Tatu, na hii watu hawaisemi, kibodi ya simu inafanya kufuta kuwe rahisi mno, unabonyeza kidole kimoja unashikilia aya nzima imeliwa.

Kipimo: chukua kalamu ya wino, andika ukurasa mmoja bila kukata neno. Ukienda, basi ugonjwa ni kufuta. Usipoenda, siyo hii, shuka.

Kwenye hili da' mfumaji ndo mwalimu wangu. Siku hiyo alikuwa anafuma vitambaa vya makochi, ile seti nzima na cha meza, nyuzi nyeupe, sindano inaenda haraka hadi huioni. Ghafla akasimama. Akahesabu kwa midomo bila sauti. Amefika mstari wa saba, tundu moja karuka. Mi nikajua atalia, maana mi ningelia. Akavuta uzi, mstari wa saba ukafumuka, prrr, mpaka pale kwenye kosa, akasimama palepale, akaendelea mbele. Hakugusa wa sita. Af akanionyesha kwa kidole, akaniambia angalia mstari wa tatu hapa, na hapa pia nimekosea, nimepaona muda tu. Nikamwambia sa mbona huirudii? Akasema, "We nawe, hapo si mto unakaa juu!"

Toka hapo nina sheria yangu. Nikiona kosa naliwekea duara naendelea. Nikimaliza stori yote ndo narudi kwenye maduara, na nakuambia ukweli zaidi ya nusu nakuta mto umekaa juu, yani hiyo aya yenyewe nimeitoa au haina haja ya kupendeza. Kufumua kunaruhusiwa kitu kimoja tu, kama kosa linabadilisha kinachofuata. Umesema baba yake alikufa, af ukurasa wa nne anapiga simu. Hiyo fumua mpaka palepale. Ila siyo mpaka kwenye fundo la kwanza.

DALILI: mwanzo moto, katikati inazama

Ukurasa wa kwanza mpaka wa tano kama mtu anakusukuma, wa sita kimya. Unaanza stori mpya. Nayo inafia wa sita. Ukihesabu una miili kumi na moja kwenye daftari.

Watu watakuambia ni uvivu au huna nidhamu. Mi nilivyochunguza miili yangu, mingi ilifia mahali ambapo nilitakiwa kujua kitu na sikijui. Basi. Akili inafika kwenye ukuta, inaona aibu kusema "sijui", inasema "nimechoka".

Mfano wa wazi: nilikuwa na stori ya msichana anatoroka nyumbani na meli ya Liemba kwenda kusini. Liemba kila mtu Kigoma anaijua, ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, vita ya kwanza Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na tangu 1927 ikawa inapanda na kushuka ziwani. Haya yote nilikuwa nayajua. Nikaandika kurasa tano tamu, kaaga, kalia, kapanda. Ukurasa wa sita meli imeondoka na mi sijui ndani kuna nini. Sijawahi kuipanda! Miaka ya meli nnayoijua mi haisaidii kitu, yule msichana anataka kujua atalala wapi na choo kiko upande gani.

Nikakaa na hiyo stori miezi miwili nikiiita "imeganda". Jumamosi moja nikaitaja uani, siyo kuomba msaada, nalalamika tu. Mama mmoja jirani ambaye alikuja kuchukua vitambaa vyake akasema mbona mi nimeipanda sana hiyo, nilikuwa napeleka mawese na kurudi na mchele. Akakaa. Akasimulia nusu saa. Kwamba vijiji vingi hamna gati, meli inasimama mbali kidogo na ufukwe inapiga honi, hata iwe saa nane usiku, na mitumbwi inatoka gizani inakuja kugombania ubavu wa meli, watu wanapandishwa kwa mikono, magunia, kuku, mtoto anapitishwa kama kifurushi, na chini yako ni maji ya ziwa ambalo penye kina kikubwa zaidi linafika karibu kilomita moja na nusu kwenda chini. Akasema kitu ambacho mi nisingekitunga hata kwa miaka kumi, kwamba ukiwa umelala daraja la tatu unajua mmefika kijiji cha nani kwa harufu ya kinachopakiwa.

Usiku uleule nikaandika kurasa nne.

Kwahiyo ukizama katikati, kabla hujajiita mvivu andika hili swali: mtu wangu sasa hivi yuko wapi na mi najua nini kuhusu hapo? Kama jibu ni "sijui", nenda kamuulize mtu aliyefika. Siyo kusoma mtandaoni, ukianza kusoma utasoma mpaka Ijumaa. Muulize mtu, swali moja la kijinga: kunanuka nini? Watu wanapenda sana kuulizwa hilo.

DALILI: sina cha kuandika kabisa, hata kete moja

Hapa kuna mawili, na ukiyachanganya umeumia.

La kwanza, huoni kwa sababu hujakaa ukatazama. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe hapo juu kaskazini tarehe 14 Julai 1960, na miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimwona tu wanakimbia. Hana kitu. Alichofanya, anapanda kilimani na darubini anakaa, kesho anakaa, jioni anaandika hata kile kidogo alichoona kwa mbali. Ni mwezi wa kumi na moja ndo akamwona yule dume mwenye ndevu za kijivu anachomeka bua la nyasi kwenye kichuguu anatoa mchwa anakula, kitu ambacho dunia ilikuwa inaamini ni binadamu tu anaweza kutumia kifaa namna hiyo. Mi kilima changu ni kiti cha kibandani. Nikiishiwa najipa kazi ya kuandika kitu kimoja kwa kila mteja wa kumi, siyo siri zake wala hela zake, hapana, namna alivyoshika simu, alivyokohoa kabla ya kutaja kiasi. Wiki moja inatosha.

La pili, umemaliza. Umevua mpaka zimeisha na unahitaji kupumzika, na hapa kutazama kwa nguvu kunazidisha. Mvuvi wetu ndo kanifundisha kutofautisha. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga wanajikusanya, kwahiyo giza likiwa zito ukisimama Kibirizi, mwalo wetu wa samaki, unaona taa ziwani kama mji umehamia majini. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, dagaa hawajali, mwanga uko kila mahali. Sa wavuvi siku zile wanarudi nyumbani. Nikamuuliza hamuoni kama mnapoteza hela? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha mtoto. Akasema ukienda mbalamwezi unachoma mafuta, unarudi na ndoo, na wavu umechanika, af giza likirudi huna wavu. Kwahiyo mbalamwezi ni ya nyavu. Na mwaka 2024 ndo tuliona kubwa zaidi, ziwa lilifungwa, hamna kuvua, miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane, na huku mtaani maisha yalikuwa magumu usiseme, ila ye anasema hajawahi kuchonga vimitumbwi vingi kama miezi ile.

Unajuaje uko kwenye lipi? Mi natumia hiki: nikisoma stori ya mtu mwingine nasikia wivu? Nikisikia wivu, ninazo, sijatazama tu. Nisiposikia chochote, ni mbalamwezi, naenda kushona nyavu, yani nasahihisha zile za zamani, naziba maduara, nawasomea wenzangu, siandiki jipya hata mwezi uishe.

DALILI: stori ipo, maneno yapo, mkono hauendi

Unajua sentensi inayofuata. Unaijua vizuri tu. Huiandiki. Unaenda kuosha vyombo.

Huo siyo uvivu, huo ni woga, na mara nyingi una jina la mtu. Mi niliwahi kuandika stori ya mwanamke anayeazima vitu harudishi, nikaisoma uani, watu wakacheka, wiki iliyofuata jirani mmoja hanisalimii. Nilikuwa nimemvika kanga yake ileile, yenye jina lilelile. Upumbavu wangu. Baada ya hapo kila nikitaka kuandika mtu mzima wa kike mkono unasimama.

Dawa yake ni chafu ila inafanya kazi: juu ya ukurasa andika "namwogopa" af weka jina. Ukishaliona limeandikwa linapungua. Kisha mbadilishe huyo mtu vitu vitatu, kazi, mtaa na idadi ya watoto, na ukibadilisha kwa dhati utakuta anaanza kufanya mambo yake ambayo yule wa kweli asingefanya, na hapo ndo anakuwa wako. Ukurasa wenye jina uchane uunguze. Usiuache kwenye kaunta buku. Niamini.

DALILI: inaandikika lakini imekufa

Inaenda, kurasa zinajaa, ukisoma unasinzia mwenyewe. Angalia Kiswahili chako. Kama umeandika "palikuwa na asubuhi moja yenye umande mwororo" na hujawahi kutamka hivyo maishani, unaandikia mwalimu wa darasa la saba. Bibi yangu nyumbani anaongea Kiha, akisema Kiswahili anakisema kwa vipande vifupi vizito, mi nilivyomwandika akawa anaongea kama taarifa ya habari. Akafa ukurasa wa pili. Jirekodi ukimsimulia mtu stori, sikiliza, andika ulivyosema. Basi, hii haina mengi.

DALILI: unakwama tangu uanze kuja kwenye grupu

Ndiyo, marafiki nao ni sababu, nawapenda ila lazima niseme.

Kuna kuvuja. Jumamosi moja nilisimulia stori nzima mpaka mwisho kabla sijaandika hata mstari, wakapiga makofi, babu akatikisa kichwa kwa raha, na kesho yake nimekaa na kalamu hamna kitu, mzuka wote nilishaulipwa jana. Siku hizi naleta pale nilipokwama tu, mwisho siutaji hata mnibembeleze.

Kuna sifa. "Nzuri sana dada, hongera" haijawahi kumsaidia mtu ukurasa wa sita. Sisi tunaulizana swali moja tu, ulisinzia wapi? Fundi ni mkweli kupita kiasi kwenye hili, anaweza kukuambia "toka pale alipoamka". Inauma siku moja.

Af kuna hela. Da' mfumaji alipata oda ya seti kumi na mbili kwa ajili ya harusi, tukashangilia, na baada ya kuzimaliza akawa anakuja uani mikono mitupu, sindano hataki hata kuiona. Alikwama vilevile kama mimi. Kilichomtoa ni kofia ya kichanga aliyoifuma rangi za hovyo, chungwa na zambarau, haina mteja, haina mtoto, ipo mpaka leo imetundikwa kwenye mpapai wa pale uani. Ukigundua hobi imegeuka oda tengeneza kimoja kisicho na mwenyewe.

Na kama mmechokana wote jaribuni kubadilishana. Fundi alinipa niyeyushe risasi ya kulehemu kwenye waya, nikaunguza kidole, nikaelewa kwa nini haongei akiwa anafanya. Mi nikampa kazi ya kuandika mistari mitano kuhusu redio yoyote. Akaandika ya marehemu baba yake, kwamba mzee alikuwa anaipiga kofi ubavuni kila taarifa ya habari ya saa mbili, na alama ya kiganja ilibaki kwenye mbao. Mistari mitano. Mi nina miaka sita naandika. Nilikasirika mpaka Jumatatu.

DALILI ambayo siyo ya hapa

Kama hutaki kuandika, na kufuma hutaki, bao hutaki, chakula hakina ladha, usingizi umekimbia au unalala mchana kutwa, na imepita wiki mbili mfululizo, hiyo siyo kukwama kuandika na usiitafutie kete 22. Mwambie mtu wako wa karibu, nenda hospitali ukaongee na daktari. Huyu mwenzetu mmoja ilikuwa hivyo, tukamwambia pumzika pumzika, tulichelewa, sasa hivi yuko vizuri lakini tulichelewa.

Msiba nao hivyohivyo. Ukifiwa, kalamu ikikaa kimya iache ikae.

Mi kwa sasa nina moja imekwama, ya wale wachukuzi wa dagaa pale mwaloni. Nimepima fyuzi, nimelala. Kete nimefika 14, ya 11 ilikula, mwanzo ninao. Imezama ukurasa wa saba, na nikijiuliza lile swali, jibu ni sijui: sijui mtu anayebeba kreti za dagaa alfajiri anaanza kusikia maumivu wapi, mgongoni, shingoni au kwenye magoti. Leo mbalamwezi imeiva, mvuvi yuko nyumbani, Jumamosi atakuja na kisu chake na kipande cha mti. Nitamtengea kiti karibu na changu.